Kulitoa gari bandarini Dar na kuliendesha hadi Moshi au Arusha

Mtu wa Moshi au Arusha akipigiwa simu na wakala wa forodha kwamba gari alilonunua Japani liko tayari, kinachofuata mara nyingi ni hiki: anapanda basi la usiku, asubuhi anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, anashinda juani bandarini au ICD (bandari kavu) akifuatilia karatasi, jioni anakabidhiwa ufunguo, na saa mbili usiku yuko njiani kurudi. Anaendesha gari asilolijua, kilomita 550 hadi 650, akiwa hajalala. Usifanye hivyo. Gari likikabidhiwa leo, kesho ni siku ya fundi na majaribio, safari ni keshokutwa alfajiri. Gharama ya chumba cha kulala na fundi wa siku moja ni ndogo kuliko ya kuvutwa kutoka Hedaru.

Hatua ya 1: Makaratasi

Gari halitembei barabarani bila namba. Kama ni la kutumika Tanzania, linasajiliwa TRA wakati wa kulitoa, na wewe unapewa kadi ya gari na namba za usajili. Namba za IT ni za magari yanayopita kwenda nchi jirani. Akitokea mtu akakwambia uendeshe hivyo hivyo mpaka Arusha "halafu tutamalizia", kataa.

Soma kadi hapo hapo kabla hujaondoka kwa wakala. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye kadi, kwenye hati ya meli na kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Kwenye magari mengi ya Kijapani namba hiyo imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi, ukifungua boneti utaiona. Angalia pia tahajia ya jina lako, rangi na ukubwa wa injini. Kosa la herufi moja ukiwa bado Dar, wakala analirekebisha akiwa karibu na waliolifanya. Ukishafika Moshi litakuwa kazi ya simu za wiki kadhaa.

Bima ikatwe kabla gari halijatoka getini, na kama pesa inaruhusu chukua bima kubwa tangu siku ya kwanza, maana ile ndogo inamlipa uliyemgonga tu, gari lako linabaki juu yako. Kadi, bima na leseni yako hai vikae mahali utakapovifikia bila kupekua begi. Piga picha za vyote kwenye simu.

Hatua ya 2: Kupokea gari

Lipokee mchana. Lizunguke taratibu ukiwa na picha za mnada au za muuzaji, ulinganishe kila kona, kisha ufungue buti na uinue zulia. Spea, jeki, spana ya magurudumu, ndoano ya kuvutia, rimoti ya pili, kadi ya SD ya navigesheni: hivi ndivyo vinavyokosekana mara nyingi baada ya safari ya meli na kukaa yadi. Kilichokosekana kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano kabla hujasaini.

Magari mengi mapya kiasi ya Japani hayaji na spea kabisa. Badala yake kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Chupa ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mara nyingi imeshapita. Hata ikiwa nzima, gundi inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililochanika ubavuni. Kwa safari hii tafuta spea, hata ya kuazima, yenye idadi sawa ya matundu ya nati na inayoingia kwenye gari lako. Ijaribu kuifunga kabla hujailipia.

Mafuta yatakuwa machache sana, kwa kuwa magari husafirishwa tangi likiwa karibu tupu. Elekea sheli ya karibu moja kwa moja. Sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila ukiwasha gari si hitilafu. Mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za kule kinacholalamika kwamba hakina kadi, na fundi umeme anakichomoa kwa dakika chache.

Hatua ya 3: Siku ya fundi

Anza na matairi. Kila tairi lina maandishi ya DOT ubavuni, yakiishia na tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lililopita miaka sita usilipe safari hii hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu. Mpira unakauka kwa umri, halafu unapasuka kwa joto. Kunja ubavu kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, hilo ni la kutupa.

Kisha tafuta neno STUDLESS ubavuni. Hayo ni matairi ya theluji, na yanakuja kwa wingi kwenye magari yaliyotumika sehemu za baridi za Japani. Utayatambua pia kwa michirizi midogo ya zigizaga iliyojaa kwenye kila kipande cha kashata. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya Mkomazi saa saba mchana unakuwa laini kupita kiasi: gari linayumba ukikata kona, breki zinachelewa, tairi linachemka. Yanapendeza kwa kuwa yanaonekana mapya, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Badilisha yote manne Dar. Kama bajeti haitoshi, ni heri ufupishe orodha ya urembo kuliko kusafiri nayo.

Upepo ujazwe matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilicho kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Stika za Japani zinaandika kPa: 220 ni kama psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Usimwachie fundi pancha akisie. Wengine hupunguza upepo "kwa sababu ya joto", na hilo ni kinyume kabisa, kwani tairi lenye upepo mdogo linakunjwa zaidi kila mzunguko na kukunjwa huko ndiko kunakolichemsha. Spea ndogo nyembamba inataka 420 kPa, yaani psi 60, na karibu kila mara utaikuta haina upepo wa kutosha.

Betri inafuata. Imekaa wiki nyingi bila kuchajiwa, ikachoka. Fundi umeme aipime kwa mita: gari likiwa limezimwa usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Likiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo alteneta haichaji vizuri. Betri iliyobustiwa bandarini mara mbili badilisha tu. Kwenye haibridi (gari la petroli na umeme) kama Aqua au Prius, betri ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, na ikifa gari zima halitaamka hata kama ile kubwa ina chaji. Haibridi zina tundu la hewa la kupoza betri kubwa, pembeni ya siti ya nyuma. Safisha chujio lake na usilizibe kwa mizigo njia nzima.

Oili ya injini na filta yake vibadilishwe bila mjadala, kwa sababu hujui iliwekwa lini. Ukitaka kujua, kuna stika ndogo karibu na mlango wa dereva au chini ya boneti inayoonyesha kilomita na tarehe ya oili ya mwisho. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya enzi ya Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 4 ni 2022. Kilomita zilizo kwenye stika zikiwa nyingi kuliko zilizo kwenye dashibodi, dashibodi imerudishwa nyuma, isipokuwa stika inaonyesha kilomita za oili ijayo, kwa hiyo mwonyeshe mtu anayesoma Kijapani au tumia programu ya tafsiri kwenye simu. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST, Ractis na Probox nyingi inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Nunua lita 4, inayobaki iingie kwenye buti.

Mafuta ya gia boksi usiyabadilishe Dar ukiwa na haraka. Yaangalie kiwango na rangi tu, hasa kama ni CVT, ile gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda. CVT ikiwekewa ATF, yaani mafuta ya gia boksi za otomatiki za kawaida, inaharibika, na hayo ni makosa yanayofanyika kirahisi kwenye gereji yenye foleni. Kulanti (maji ya rejeta) iwe katikati ya mistari miwili ya chupa yake. Mikanda iangaliwe nyufa. Waipa zilizokauka zibadilishwe, kwa kuwa mvua ya Korogwe haitoi taarifa.

Breki zitakwaruza kilomita chache za mwanzo kwa sababu ya kutu iliyoota kwenye diski, na kutu hiyo inajisugua yenyewe. Mkwaruzo ukiendelea baada ya kilomita 10, magurudumu yafunguliwe. Gari likiwa juu, mulika paipu za breki: zenye kutu ya kubanduka ni dalili ya chumvi ya barabara za theluji.

Sasa taa za dashibodi, na hapa ndipo penye sababu kubwa ya kulala Dar. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Taa ya injini, ABS, mifuko ya hewa na oili zote ziwake, kisha zizimike injini ikiwaka au sekunde chache baada ya hapo. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa kuficha ugonjwa. Zikizimika zote bado usishangilie. Gari ambalo betri yake ilikufa au ilichomolewa limepoteza kumbukumbu za hitilafu, na kompyuta yake inahitaji kuendeshwa, kupoa, kuwaka tena na kutembea mwendo wa barabara kuu ndipo ijipime upya. Hitilafu iliyokuwapo Japani inaweza kurudi baada ya kilomita 50 au 80. Ukiondoka getini moja kwa moja, taa hiyo inakuwakia ukiwa tayari njiani, mbali na fundi.

Kwa hiyo jioni lijaribu: nenda Kibaha na kurudi, kilomita kama 70 hadi 80, ukichanganya foleni na mwendo wa 80. Washa AC. Sikiliza gia zikibadilika, angalia mshale wa joto kwenye foleni ya Kimara, achia usukani kidogo pasipo na gari uone kama linavuta upande. Mngurumo unaoongezeka na mwendo ni wa beringi ya gurudumu au tairi lililoliwa vibaya. Ukirudi, kaza nati za magurudumu, kisha ulaze gari juu ya kadibodi. Asubuhi kadibodi itasema: doa jeusi au kahawia ni oili, jekundu kwa kawaida ni la gia boksi au usukani, la pinki au kijani ni kulanti. Maji matupu ni ya AC na hayana neno.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Pembe tatu mbili za akisi, mtungi wa kuzima moto ulio ndani ya muda wake, jeki na spana uliyokwishaijaribu kwenye nati za gari hili hili, waya za kubusti, tochi, kamba ya kuvutia, lita 5 za maji, oili iliyobaki, fyuzi chache na chaja ya simu. Mtungi na pembe tatu ni vitu ambavyo afande atauliza mapema tu.

Mafuta: gari la cc 1500 kwa mwendo wa kistaarabu linakwenda kilomita 14 hadi 16 kwa lita, kwa hiyo andaa lita 45 hivi hadi Arusha. Jaza tangi Dar, ongeza Korogwe au Same. Usisubiri taa ya mafuta, kwani hujajua bado inawaka zikiwa zimebaki lita ngapi.

Hatua ya 5: Barabarani

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Kuna njia mbili za kutoka mjini: Ubungo, Kibaha hadi Chalinze kisha kulia, au Tegeta, Bunju, Bagamoyo hadi Msata. Kwa gari jipya mkononi tunapendekeza ya Bagamoyo. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami yenye malori machache, na unakwepa msururu wa malori ya Morogoro na mikoa ya bara kati ya Mlandizi na Chalinze. Ukitokea Msata pinda kulia.

Baada ya hapo unavuka daraja la Wami. Kutoka Mandera, Mbwewe hadi Mkata vijiji vinafuatana, na kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, na mara nyingi tochi ya polisi ya kupima mwendo mwisho wa kijiji, pale ambapo dereva anaona nyumba zimeisha na kuanza kukanyaga. Kanuni ni moja: baki 50 mpaka ukione kibao cha 50 kilichokatwa kwa mstari. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Ukisimamishwa, zima redio, shusha kioo, "Shikamoo afande" au "Habari za kazi afande" kulingana na umri, toa karatasi. Ukiandikiwa, utapewa namba ya kumbukumbu ya kulipia kwa simu. Lipia kwa namba hiyo na si vinginevyo.

Segera pinda kushoto. Kulia ni Muheza na Tanga. Hapa ni kama saa tatu asubuhi, unywe chai, upapase matairi kwa kiganja. Yote yawe na uvuguvugu unaolingana. Moja likiwa la moto kuliko mengine, lina upepo mdogo, au breki yake inang'ang'ania. Ikiwa rimu ndiyo inayounguza, ni breki.

Ukivuka Korogwe na mashamba ya mkonge, ukapita Mombo penye njia ya Lushoto, inaanza sehemu inayoua watu wengi kwa raha yake. Barabara inanyooka, milima ya Usambara na kisha Upare iko kulia kwako, joto linapanda, usingizi unakuja. Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same. Mabasi yaliyotoka Arusha asubuhi unakutana nayo huku yakiwa kasi. Baki 80 hadi 90, hata gari likionyesha linaweza zaidi. Upepo wa upande karibu na Same unasukuma magari mepesi na marefu kama Noah, shika usukani kwa mikono miwili hasa unapopishana na lori. Ng'ombe na mbuzi huvuka bila mpangilio. Ukimwona mmoja kavuka, punguza, wenzake wanafuata. Kuovateki ni pale tu unapoona mbele kote na mstari wa kati umekatika. Hujajua bado gari hili linachukua muda gani kuvuta kutoka 60 hadi 90, kwa hiyo ongeza nafasi maradufu ya uliyoizoea.

Same pumzika nusu saa kamili, ule. Ukisikia kope nzito, egesha sheli ulale dakika 20. Kahawa na muziki havitoshi.

Himo pinda kushoto kwenda Moshi. Wa Arusha asijione amefika, maana kati ya Moshi na Boma Ng'ombe kuna miteremko ya Weruweru na Kikafu, yenye kona na malori yanayopanda kwa kujikokota. Shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Kutoka hapo unapanda kuelekea mita 1,400 za Arusha, na injini isiyo na tabo itapungua nguvu kidogo kwa wepesi wa hewa. Si ugonjwa. Usa River na Tengeru kuna bodaboda nyingi saa za jioni, kisha kuanzia Tengeru barabara inakuwa ya njia mbili kila upande hadi Sakina.

Hatua ya 6: Likigoma njiani

Tairi likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue lenyewe, washa hazadi, toka nje ya lami. Pembe tatu iwe hatua 50 nyuma, au zaidi kama kuna kona. Legeza nati kidogo kabla ya kupiga jeki. Spea ndogo nyembamba mwisho wake ni 80 kwa saa, na haifai kukaa mbele kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele: toa zima la nyuma ulipeleke mbele, spea ikae nyuma.

Mshale wa joto ukipanda, zima AC, fungulia hita hadi mwisho na feni yote, tafuta pa kusimama. Ukisikia mvuke au mshale umefika juu kabisa, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla ya nusu saa. Maji yale yanaruka usoni. Taa ya injini ya njano inayowaka tu, gari likiwa na nguvu zake, inakuruhusu kufika polepole hadi mji unaofuata. Ikipepesa, injini inakosa kuchoma vizuri, punguza na usimame. Taa nyekundu ya oili haina mjadala: zima hapo hapo.

Ukibusti, waya mwekundu uanzie kwenye chanya ya betri iliyokufa kwenda chanya ya nzima, mweusi kutoka hasi ya nzima kwenda kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Usitumie haibridi yako kubusti gari la mwenzako.

Hatua ya 7: Ukishafika

Kesho yake kaza nati tena, pima oili, osha chini ya gari kwa maji mengi kuondoa chumvi ya bahari. Ndani ya wiki mbili peleka kwa fundi wako mwenyewe abadilishe mafuta ya gia boksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu, plagi, chujio la hewa na kulanti. Redio nyingi za Japani zinaishia FM 90 au 95, stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Nunua bandi ekspanda, au badilisha redio nzima.

Wanaoishi Marangu, Machame au vichochoro vya Moshono watataka kulinyanyua gari. Spesa za sentimita 2 hadi 3 zinatosha kwa IST au Passo. Ukizidisha, ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake na buti zake (mipira inayofunika viungo) zinachanika ndani ya miezi. Likishanyanyuliwa fanya alaimenti siku hiyo hiyo, kabla matairi mapya uliyonunua Dar hayajaanza kuliwa upande.